Mwalimu Nyerere na Mitihani ya Safari Ndefu: Tafakari kutoka Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, sisi waamini wa Nachingwea na Ruangwa, pamoja na Watanzania wengine, tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tangu mwaka 2005, Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wa kuomba atangazwe Mwenye Heri, Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Siku hiyo tunasimulia zaidi ushindi wake: uhuru uliopatikana bila vita, Muungano, umoja wa makabila na lugha moja ya taifa. Tunafanya vyema.

Hata hivyo, wazee wetu wa huku kusini wanakumbuka na mengine. Wanakumbuka mikorosho iliyoachwa ikamezwa na pori, na miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Baadhi ya wale wanaosali kwa nia ya kutangazwa kwake ndio hao hao waliohamishwa kutoka makwao wakati wa utawala wake. Hivyo lipo swali ambalo wengi wanaona haya kuliuliza kwa sauti: je, kiongozi ambaye mipango yake mikubwa kadhaa ilishindwa anaweza kuwekwa mbele yetu kama mfano wa fadhila? Kwa maoni yetu, swali hili si la kukwepa. Katika makala haya tutayapitia maisha ya Mwalimu kwa kufuata mitihani yake, tuone aliipokeaje.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akaendelea Tabora, kisha Chuo cha Makerere. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, akachukua jina la Julius. Imani kwake haikuwa jambo la kurithi. Aliichagua akiwa na akili timamu, baada ya mafundisho.

Baada ya Makerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili.

Katika miaka hiyo hiyo aliyokuwa Uingereza, jambo kubwa lilikuwa likitokea hapa kwetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walihitaji mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, pori likafyekwa, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, na reli ikawekwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Wenyeji waliojua udongo na mvua za nchi yao hawakuulizwa. Mpango ukaanguka, na mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza kuwa umekwisha, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Baada ya uhuru hata reli yenyewe ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Tunaomba msomaji aikumbuke habari hiyo ya karanga, kwa sababu tutairudia mbele.

Kazi au siasa

Mwezi Januari 1953 Mwalimu alifunga ndoa na Maria Gabriel, akawa anafundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi. Alikuwa na mke, watoto wadogo, na hakuwa tena na mshahara. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza, nao ulimgusa mezani kwake.

Iliyofuata ilikuwa mitihani ya hadharani. Serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika baadhi ya wilaya, na mwaka 1957 Mwalimu alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Huku kusini kazi ya kuamsha watu ilikuwa na ugumu wa pekee, maana kumbukumbu ya vita vya Majimaji ya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, ilikuwa bado imo katika nyumba za watu. Aliyeona kijiji chake kikiteketezwa hashawishiwi haraka kupambana tena na serikali. Mwalimu hakuidharau hofu hiyo. Alisisitiza kwamba safari hii mapambano yangekuwa ya maneno na hoja.

Mwaka huo wa 1957 gavana alimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa humo miezi michache, akaona mapendekezo yake yote yanakataliwa, akajiuzulu mwezi Desemba. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU ilikaribia kuvunjika. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi ambamo kila mpiga kura alilazimika kuwapigia watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wanachama wengi waliona ni matusi na walitaka kususia. Mwalimu aliona kwamba kususia kungewaachia wengine viti vyote, akawasihi wakubali kura tatu hizo chungu ili waingie ndani na kuzifuta wakiwa humo. Alishinda hoja, lakini Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake.

Katikati ya mwaka huo wa 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama. Mahakama ilimpa nafasi ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Wengi walitamani aende jela, maana viongozi wa nchi nyingine walitoka gerezani wakiwa mashujaa. Yeye alilipa faini. Alipima faida ya nchi, akaona afadhali abaki nje afanye kazi kuliko kutafuta sifa ya kifungo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Uchungu baada ya uhuru

Mtu angedhani mitihani iliishia hapo. Majuma sita tu baada ya uhuru, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu. Nafasi hiyo akaichukua Rashidi Mfaume Kawawa, na Mwalimu akaenda vijijini kukijenga upya chama na kueleza maana ya uhuru. Mwezi Desemba 1962 alirudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Rais alilazimika kufichwa. Siku tano baadaye aliwaomba Waingereza, wale wale aliowaondoa kwa hoja, walete makomando wao kuzima uasi. Ilikuwa fedheha kubwa kwa mtu aliyeihubiria Afrika kujitegemea. Hakuificha. Aliwaita viongozi wa Afrika, akawaeleza yaliyotokea, akaomba jeshi la Kiafrika lishike nafasi ya Waingereza, kisha akaanza kujenga jeshi jipya, ambalo leo ni JWTZ.

Hapa ukweli unatudai tuseme pia lisilopendeza. Sheria ya mwaka 1962 iliiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na ilitumika. Baada ya uasi wa 1964 viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Kuna familia zilizolala bila baba kwa miaka kwa sababu ya sheria hiyo. Anayetaka kumsifu Mwalimu asiziruke familia hizo.

Kambi ya Nachingwea

Katika ramani ya mapambano ya Afrika, Nachingwea ina nafasi yake. Mwaka 1962 FRELIMO iliundwa jijini Dar es Salaam ikiongozwa na Eduardo Mondlane, na mwaka 1964 ikaanza vita dhidi ya utawala wa Kireno nchini Msumbiji. Mwalimu aliwapa wapiganaji ardhi Nachingwea. Pale ambapo matrekta ya mkoloni yalishindwa kuotesha karanga, Samora Machel na wenzake waliwafundisha vijana wa Msumbiji. Kambi yao ilijulikana kwa jina la Farm 17.

Uamuzi huo uliigharimu Tanzania. Vijiji vya kando ya Mto Ruvuma viliishi kwa hofu ya ndege na mabomu ya Wareno. Mwezi Desemba 1965 Mwalimu alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, na nchi ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 iliokuwa ikiutegemea. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ilionekana kama mambo yote yameharibika. Wapo waliomshauri Mwalimu kwamba nchi maskini haiwezi kubeba mizigo ya majirani.

Aliendelea kuibeba, na watu wa hapa waliibeba pamoja naye. Hiyo ilikuwa pia miaka ya kwanza ya Jimbo Katoliki la Nachingwea, lililoundwa mwaka 1963 na ambalo tangu 1986 linaitwa Jimbo la Lindi. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilipata uhuru. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi ya kungoja bila uhakika wa kuvuna.

Mikorosho iliyoachwa

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwalimu aliona wachache wakianza kutajirika kwa mgongo wa wengi, akataka viongozi waishi kwa mshahara mmoja na wananchi waishi na kufanya kazi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyotangulia kuwa na vijiji vingi. Mwanzoni watu walishawishiwa waingie kwa hiari. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi vijijini kungekuwa lazima. Hapo ndipo operesheni ilipoanza. Katika sehemu nyingi za nchi watu walipakiwa kwenye malori na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi.

Vijiji vilileta shule, zahanati na visima. Idadi kubwa ya watu waliojifunza kusoma na kuandika miaka hiyo ni ushahidi. Lakini mkorosho hauhamishwi kwa lori. Mkulima aliyepelekwa mbali na mikorosho yake hakuweza kuipalilia, moto wa porini ukaingia, magonjwa yakafuata, na bei ya serikali ilikuwa ndogo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Wilaya zetu zinazotegemea korosho zilionja hasara hiyo kwenye chungu cha nyumbani.

Sasa tuirudie habari ya karanga. Kosa la Waingereza Nachingwea lilikuwa kupanga maisha ya watu bila kuwauliza wenye ardhi. Nia ya Mwalimu ilikuwa tofauti kabisa na yao. Wao walitaka mafuta kwa ajili ya meza za kwao, yeye alitaka maji na shule kwa ajili ya maskini. Ila katika njia, operesheni ilifanana na mradi wa karanga kuliko tunavyopenda kukubali. Nia njema haikutosha kuufanya mpango mzuri uwe wa haki, kwa sababu anayehamishwa kwa nguvu amepokonywa kile ambacho Mwalimu mwenyewe alikuwa akikihubiri, yaani uhuru wa mtu kuamua juu ya maisha yake.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa pia. Wakulima wakabaki bila chombo chao cha kuwasemea.

Kukiri

Hapa ndipo maisha ya Mwalimu yanapotufundisha kitu ambacho hatukipati kwa viongozi wengi. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini na kukubali wazi kwamba nchi haikuwa imefikia ujamaa wala kujitegemea, akataja makosa moja baada ya jingine. Mwaka 1984 alikubali kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Vyombo hivyo vilirudishwa akiwa bado madarakani. Leo mkulima wa Ruangwa au Nachingwea anapopeleka korosho zake kwenye mnada kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, anatumia haki iliyopotea na kurudishwa.

Hatusemi kwamba kukiri kunafuta madhara. Mikorosho iliyokufa haikufufuka kwa kukiri, na kuna sera alizozishikilia muda mrefu kuliko ilivyofaa. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kiongozi anayekubali kwamba amekosea anawaachia wanaomfuata nafasi ya kutengeneza.

Miaka ya mwisho ya urais ilikuwa migumu kupita yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndoto yake ya tangu ujana, ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tanzania ilishinda, Kampala ikaanguka mwezi Aprili 1979, lakini hazina ilikuwa tupu. Bei ya mafuta ilipanda, bidhaa zikaadimika madukani, Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa masharti ambayo Mwalimu aliyakataa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ambaye wengi walimtegemea, alikufa katika ajali ya gari karibu na Morogoro.

Mwaka 1985 Mwalimu aliachia urais kwa hiari, akampisha Ali Hassan Mwinyi. Alijua kwamba mrithi wake angelegeza sera nyingi alizozijenga. Aliondoka hata hivyo, akarudi Butiama kulima. Baadaye aliongoza Tume ya Kusini, na tangu 1996 alikuwa msuluhishi wa vita vya Burundi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali jijini London, kabla ya Warundi kutia sahihi mkataba wa amani Arusha mwezi Agosti 2000. Hata kazi yake ya mwisho hakuiona ikikamilika.

Fadhila ya ushujaa

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapofundisha juu ya ushujaa. Anasema kwamba tendo kuu la fadhila hiyo ni kuvumilia kuliko kushambulia. Kushambulia kunaweza kutokana na hasira ya saa moja. Kuvumilia kunadai moyo uliotulia ubaki katika jema wakati matokeo hayaonekani. Anafundisha pia kwamba busara inahitaji mtu awe tayari kufundishwa, hata na wadogo zake.

Tukimpima Mwalimu kwa kipimo hicho, tunaona mwanga na kivuli. Katika kura tatu, katika faini ya 1958, katika miaka kumi ya kambi ya Nachingwea na katika kung'atuka, alikuwa na ushujaa wa kuvumilia. Katika operesheni alikosa subira, na pale ambapo hakukaa chini kuwasikiliza wakulima, busara ilipungua. Kanisa ndilo litakaloamua juu ya utakatifu wake, kwa wakati wake na kwa njia zake. Sisi tunachoweza kulisaidia ni kusema kweli. Mchakato wa kumtangaza mtu Mwenye Heri hauhitaji watetezi wanaoficha, na mzee aliyehamishwa kwa lori akieleza yaliyompata hamtukani Mwalimu.

Kwa ndugu zetu mafrateri, somo liko karibu. Tutakapopewa parokia, tutakuja na mipango mizuri ya ujenzi, ya kwaya, ya jumuiya ndogondogo. Baadhi itashindwa. Tutashawishika kuilazimisha kwa kuwa nia yetu ni njema, na kuwalaumu waamini kwa kutokuelewa. Tukumbuke karanga za mkoloni na mikorosho ya wazee wetu: tuwaulize kwanza wenye shamba.

Nanyi waamini wa Nachingwea na Ruangwa, tarehe 14 Oktoba ijayo, baada ya Misa, waacheni wazee wasimulie yote, machungu na matamu, na vijana wasikilize mpaka mwisho. Kisha tumwombee Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, na tuwaombee pia wale walioumia katika safari yake.